Adabu ya Kungoja: Maombi Yasiyozuiana Katika Uandishi wa Programu

Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri. Hawakubainisha, hata hivyo, ni subira ya namna gani. Kuna mtu ateleke maji jikoni, akae kigodani, akaukodolea macho moto hadi maji yachemke. Kuna mwingine naye ateleke maji yayo hayo, na maji yakiwa jikoni achambue mchele, akune nazi na kumenya vitunguu. Wote wawili wamengoja na maji hayakuchemka haraka zaidi kwa yeyote kati yao. Lakini ifikapo adhuhuri mmoja atakuwa amekula na mwingine yungali anatafuta mbuzi ya kukunia nazi.

Tarakilishi inayoagiza kurasa kutoka mtandaoni hutumia sehemu kubwa ya muda wake ikingoja. (Tarakilishi, au kompyuta kwa wale ambao hawakuwahi kuliridhia neno hilo, mjadala huo umekwisha kula karatasi nyingi na hautaongezewa nyingine hapa.) Programu hutuma ombi kwa seva iliyo mbali, seva hulisoma ombi, huutafuta ukurasa, huurudisha. Muda wote huo bongo la mashine halina la kufanya. Bongo la kipakatalishi cha kawaida hupiga mapigo yapatayo bilioni 3 kwa sekunde moja. Kwa hiyo mashine inayongoja jibu kwa nusu sekunde huwa imeyapoteza mapigo bilioni moja na nusu ikiwa imekaa kigodani.

Nusu sekunde si mfano wa kubuni. Kabla ya mwaka 2009, pwani ya Afrika Mashariki haikuwa imeunganishwa na dunia kwa kebo za chini ya bahari. Maombi mengi yaliyotoka Kenya yalipaa hadi kwenye setilaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, yakateremka upande wa pili, na majibu yakapaa na kuteremka vivyo hivyo. Hizo ni safari nne, jumla ya kilomita 144,000, na mwanga wenyewe, ambao hausubiri foleni yoyote, huhitaji takriban nusu sekunde kuzimaliza. Kebo za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka huo wa 2009 muda huo ulipungua sana. Haukuisha. Ombi linalokwenda Ulaya na kurudi bado hula zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na seva kongwe iliyolemewa na kazi yaweza kula sekunde mbili au tatu hata ikiwa katika mji uo huo. Umbali na uzee wa seva ni mambo ambayo mwandishi wa programu hana uwezo nayo. Alilo na uwezo nalo ni namna ya kungoja.

Ili kulielewa jambo hili pasi na istilahi nyingi, na afikiriwe karani mmoja mwenye kalamu moja. Ametakiwa kuwaandikia jamaa mia moja walio katika miji mia moja, kuwaomba kila mmoja nakala ya shairi alilohifadhi. Karani wa aina ya kwanza huandika barua moja, huipeleka posta, huketi kwenye ngazi za posta hadi jibu lije, hulisoma na kulihifadhi, ndipo huinuka kuandika barua ya pili. Hana kosa la kimantiki. Atamaliza, iwapo Mola atampa umri. Karani wa aina ya pili huandika barua ya kwanza na kuituma, huandika ya pili na kuituma, na majibu yanapoanza kuingia huyapokea moja baada ya jingine kadiri yanavyofika. Karani huyu hakuota mkono wa pili. Kalamu yake ni moja na wala haandiki barua mbili kwa wakati mmoja. Tofauti yake na mwenziwe ni kwamba barua zake husafiri pamoja.

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hatakawia kuona kwamba makarani hawa wawili wanatofautiana kwa kiambishi kimoja tu. Wa kwanza husimuliwa kwa -ka-: aliandika, akapeleka, akangoja, akapokea, akasoma, akaandika tena. Kiambishi hiki cha mfululizo hakiruhusu tendo kuanza kabla ya lililotangulia kukamilika, na ndicho uti wa mgongo wa hadithi. Wa pili hawezi kusimuliwa hivyo. Yeye huhitaji -ki-: akingoja jibu la Lamu, aliandika ya Vanga. Tendo moja limefunguliwa na halijafungwa, na ndani ya nafasi hiyo tendo jingine limepata pa kukaa.

Isitoshe, -ki- hiyo hiyo hubeba maana ya pili ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza huilalamikia kila muhula, yaani masharti. Jibu likija, karani atalihifadhi. Mtu aliyezoea lugha ambazo huzitenga maana hizi mbili huenda akauona ukaribu wao kuwa ajali. Kwa mwandishi wa programu si ajali hata kidogo. Kila tendo analoliacha wazi ili afanye jingine ni tendo ambalo huenda lisifungwe. Palipo na likija pana lisipokuja, na programu isiyoandikiwa lisipokuja ni nusu ya programu.

Katika lugha ya Python, ambayo wanaisimu wengi huianza kwa sababu ya wepesi wa sintaksia yake, zipo maktaba za kila mtindo. Neno maktaba hapa lisimpoteze msomaji: si nyumba ya vitabu bali ni mkusanyo wa zana zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, ambazo mwandishi huziazima badala ya kuziunda upya. Maktaba iitwayo requests, iliyotolewa na Kenneth Reitz mwaka 2011, ni karani wa kwanza, na kwa kurasa kumi au ishirini hakuna sababu ya kumtafuta mwingine. Karani wa pili alichukua muda kufika. Mwaka 1999 Dan Kegel aliuliza ni vipi seva moja ingeweza kuwahudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja, na swali hilo likawashughulisha wengi. Python ilipata maktaba yake rasmi ya kazi hii, asyncio, katika toleo la 3.4 la mwaka 2014. Mwaka uliofuata toleo la 3.5 liliongeza maneno mawili ya sintaksia, async na await, ambayo lugha ya C# ilikuwa nayo tangu mwaka 2012. Juu ya asyncio ikajengwa aiohttp, ambayo ndiyo huyafanya maombi yenyewe ya mtandaoni.

Neno await huwekwa mbele ya tendo lenye kungoja. Maana yake si kwamba kila kitu kisimame. Maana yake ni kwamba shughuli hii moja imefika mahali pa kungoja, basi na ikae kando, na zamu ipewe shughuli nyingine iliyo tayari. Mgawa zamu ni mzunguko wa matukio, ambao hufanya kazi ya mwenyekiti wa mkutano: humwuliza kila mmoja kama jibu lake limefika, na aliyefikiwa na jibu hupewa sakafu hadi atakapotamka await nyingine. Na hapo ndipo penye mtego. Mwenyekiti huyu hana nguvu za kumnyang'anya mtu sakafu. Shughuli isiyotamka await hushikilia kikao hadi imalize, hata kama ni siku nzima. Mwandishi akiliingiza ombi la requests, lile la karani wa kwanza, katikati ya programu ya karani wa pili, programu nzima huketi kwenye ngazi za posta. Haitatoa onyo lolote. Itakwenda polepole tu, na mwenyewe atailaumu kampuni ya mtandao.

Kuna jambo jingine ambalo huwakera wageni wa mtindo huu. Kitendo kimoja kikishatangazwa kuwa cha async, kila kitendo kinachokiita kwa await hakina budi kutangazwa vivyo hivyo, na kinachokiita hicho nacho pia, hadi juu kabisa. Waandishi wa programu wameyalalamikia mambo haya kama ugonjwa wa kuambukiza. Mzungumzaji wa Kiswahili huishi nayo tangu utotoni na huyaita upatanisho wa kisarufi. Ukibadilisha kitabu kuwa vitabu, hukusalimika: changu huwa vyangu, kizuri huwa vizuri, na kimepotea huwa vimepotea. Hakuna mtoto aliyewahi kulia kwa sababu hiyo. Na anayesahau await hupewa adhabu inayofanana na ya anayesahau upatanisho: sentensi inatamkika lakini haisemi kitu. Badala ya ukurasa, hukabidhiwa ahadi tupu ya kazi ambayo haikuwahi kuanza.

Huu mtindo uitweje kwa Kiswahili? Neno linalowajia wengi kwanza ni sambamba. Ni neno zuri na lina mashiko katika hisabati, lakini hapa linapotosha. Mistari sambamba ni mistari miwili. Kazi sambamba ni kazi za mikono miwili. Karani mwenye kalamu moja hafanyi lolote sambamba. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa neno hilo atatarajia mashine yake izidishe nguvu, na atashangaa atakapoona kwamba kuhesabu mizani ya mashairi elfu tatu hakukupungua hata kwa sekunde moja baada ya kuvijaza vitendo vyake vyote await. Kuhesabu mizani ni kazi ya mkono. Hakuna kungoja ndani yake, na pasipo kungoja mtindo huu hauna cha kuokoa. Ziko njia za kweli za kufanya kazi sambamba, kwa kutumia mabongo kadhaa ya mashine moja, na hizo ndizo zistahilizo kuachiwa neno hilo.

Maombi yasiyozuiana huenda ikawa istilahi ndefu, lakini inasema kweli. Kauli ya kutendana inaonyesha kuwa tatizo ni la uhusiano: ombi hili lisilizuie lile. Haitoi ahadi ya kasi wala ya nguvu. Ikanushi iliyomo, -si-, inataja kasoro iliyoondolewa badala ya sifa iliyoongezwa. Wenye kupenda maneno mafupi watatafuta jingine, na hapana ubaya, maadamu watakalolipata halitaurudisha mkono wa pili wa karani.

Istilahi ikipotosha, hasara huvuka mipaka ya darasa. Anayeamini kuwa ameazima kasi hutaka kuitumia yote, na mwenye kuilipia ni yule aliye upande wa pili wa kebo.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili wa isimu alihitaji mashairi. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25, imewafaa watafiti wengi, lakini yeye alikusudia kuchunguza vina vya kati katika tungo za washairi wasiojulikana, wale waliotuma mashairi magazetini miaka na miaka bila kuchapisha diwani. Tungo hizo alizijua zilipo. Zilikuwa katika tovuti ya taasisi moja ndogo ya pwani, kurasa zipatazo 3,000, kila ukurasa shairi moja, zimechapwa upya kutoka vipande vya magazeti na mwalimu mstaafu ambaye ndiye pia aliyeitunza seva. Kila ukurasa ulichukua sekunde mbili kufunguka. Hesabu haikuwa ngumu. Kwa mtindo wa karani wa kwanza, sekunde 6,000, yaani saa moja na dakika arobaini. Aiohttp, isipoelekezwa vingine, huruhusu miunganisho 100 kwa pamoja bila kujali kama yote inakwenda kwenye seva moja. Katika karatasi, basi, dakika moja ingetosha.

Kabla ya kuandika programu alikwenda kumwona mtunzaji. Alimkuta barazani na miwani yake kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Alipokwisha kueleza haja yake, mzee alinyamaza kidogo, kisha akamsimulia kuhusu wageni wengine. Miezi michache nyuma tovuti ilizimika siku mbili. Fundi aliyeitwa alipolisoma daftari la seva aliona maelfu ya maombi yaliyoingia usiku mmoja kutoka kusikojulikana, mengine yakiomba ukurasa ule ule mara kadhaa. Hakuna aliyeacha jina. Taasisi ilitozwa fedha za matumizi yaliyozidi, na mwalimu ndiye aliyezitoa, kwa kuwa bajeti ya mwaka ilikuwa imekwisha.

"Hawa hawakubisha hodi," alisema. "Wewe umebisha. Chukua, lakini chukua usiku, na usije na jeshi."

Masaibu ya mwalimu hayakuwa yake peke yake. Mwezi Aprili mwaka 2025 wakfu wa Wikimedia, ambao una mitambo isiyoweza kulinganishwa na seva ya taasisi ndogo, ulieleza kwamba matumizi ya mkondo wake kwa kupakua picha na video yalikuwa yameongezeka kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, na kwamba ongezeko hilo lilisababishwa zaidi na programu zinazokusanya data kuliko wasomaji. Jambo la kusikitisha ni kwamba wakfu huo huo hutoa nakala nzima za Wikipedia, ya Kiswahili ikiwemo, kwa faili za kupakuliwa mara moja. Anayezigonga kurasa hizo moja moja amepita mbele ya ghala lililo wazi ili akagonge kila chumba.

Hodi aliyoitaja mwalimu si tashbihi ya kupamba mazungumzo. Katika mila za Waswahili, kwa mafunzo ya Kiislamu, mgeni hubisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa huondoka, wala hachungulii dirishani. Akiulizwa "Nani?" haijibu "Mimi", kwa kuwa kila mtu ni mimi. Itifaki za mtandao zina mlango, zina hodi na zina swali hilo hilo. Kila ombi hubeba mstari unaomtambulisha mwombaji. Programu ya aiohttp isipoambiwa kitu hujitaja kwa jina la Python na la maktaba yenyewe pamoja na nambari za matoleo, jambo ambalo ni sawa kabisa na kujibu "Mimi". Mwanafunzi yule aliandika hapo jina la utafiti wake na anwani yake ya baruapepe. Seva nazo zina majibu yao. Tangu mwaka 1994, kufuatia pendekezo la Martijn Koster, tovuti yaweza kuweka faili iitwayo robots.txt inayoeleza ni vyumba gani visivyoingiwa na programu. Desturi hiyo iliandikwa kuwa waraka rasmi mwaka 2022. Na tangu mwaka 2012 jibu nambari 429 lina maana rasmi: umebisha mno. Mara nyingine huambatana na idadi ya sekunde ambazo mgeni angoje kabla ya kurudi. Faili ile haina kufuli, na jibu lile halina askari. Vyote viwili humfaa mwenye haya.

Programu aliyoiandika ilikuwa na bawabu. Ndani ya asyncio kipo chombo, Semaphore, ambacho wazo lake lilitoka kwa Mholanzi Edsger Dijkstra katika miaka ya 1960, na ambacho kazi yake ni kusimama mlangoni na kuhesabu. Bawabu huyu alipewa tiketi tatu. Ombi lililotaka kutoka lilichukua tiketi, likaenda, likarudi na jibu, likapumzika sekunde moja, ndipo likairejesha tiketi kwa lililofuata. Kwa hiyo kila ukurasa ulishika tiketi kwa sekunde tatu, na kwa tiketi tatu kurasa 3,000 zilihitaji sekunde 3,000, yaani dakika hamsini. Ni nusu ya muda wa karani wa kwanza na mara hamsini ya ule wa kwenye karatasi. Aliipanga ianze saa sita usiku.

Zaidi ya bawabu, aliiandikia programu lisipokuja. Aiohttp huvumilia dakika tano kabla ya kulikatia tamaa ombi, muda ambao kwa tiketi tatu ni ukarimu wa kupindukia: kurasa tatu zilizokwama zingeifunga kazi yote. Alizipunguza hadi sekunde thelathini. Ombi lililoshindwa lilirudi baada ya sekunde tano. Likishindwa tena, baada ya sekunde ishirini. Likishindwa mara ya tatu, jina la ukurasa liliandikwa katika orodha ya kando na mlango ukaachwa. Mapumziko hurefushwa namna hii kwa sababu seva iliyoshindwa mara mbili yaelekea imelemewa, na anayeigonga kwa haraka ile ile huizidishia kilichoiangusha.

Jambo lililomchukua muda mrefu zaidi halikuhusu seva bali washairi. Majibu ya maombi yasiyozuiana hayafiki kwa zamu. Shairi fupi lililoombwa la kumi laweza kufika kabla ya utenzi ulioombwa wa kwanza. Asyncio huwapa waandishi njia mbili: kuyapokea majibu kadiri yanavyofika, au kuyangoja yote na kuyapewa kwa mpangilio ule ule wa maombi. Njia ya kwanza haili kumbukumbu nyingi za mashine, lakini mwandishi akiyapa majibu nambari kwa kufuata yalivyoingia, huku majina ya watunzi ameyapanga kwa kufuata yalivyoombwa, atamkabidhi mshairi wa Malindi beti za mshairi wa Kwale, na hakuna ujumbe wa hitilafu utakaotokea. Takwimu za vina zitatoka, majedwali yatapendeza, na mtunzi ambaye katika maisha yake yote alichapishiwa shairi moja gazetini atakuwa amenyang'anywa hata hilo. Mwanafunzi alihakikisha kwamba kila jibu linarudi likiwa limeshikana na anwani yake na jina la mtunzi ndani ya shughuli ile ile iliyoliomba, kisha akayalinganisha kwa macho mashairi mia moja na kurasa zake za mtandaoni. Msimamizi wake alimwuliza kulikuwa na haja gani ya kufanya kwa macho kazi ambayo mashine ingeifanya. Jibu lake halikuandikwa popote, lakini kazi aliifanya.

Usiku huo programu ilikwenda kwa dakika hamsini na kitu. Asubuhi mwalimu aliitazama daftari la seva na kuliona jina la mgeni likirudiarudia kwa utulivu, matatu, matatu, mpaka mwisho. Alimpigia simu kumwambia kuwa tovuti haikutikisika.

Orodha ya kando ilikuwa na makumi kadhaa ya kurasa. Baadhi zilikuwa anwani zilizoandikwa vibaya katika faharasa na zilisahihishwa siku hiyo hiyo. Nyingine zilikuwa na anwani sahihi, zimo katika faharasa pamoja na majina ya watunzi, lakini nyuma ya mlango hamkuwa na kitu. Zilipotea, kwa dhana ya fundi, tovuti ilipohamishwa kutoka seva ya zamani, na katika muda wote huo hakuna msomaji aliyezigonga. Mwalimu aliposomewa majina kwa simu aliomba asomewe polepole. Wawili kati yao alisoma nao. Vipande vya magazeti, alisema, bado vimo katika sanduku, ila mchwa wameingia upande mmoja na hajui ni upande gani.

Ameanza kuyachapa upya, mawili au matatu kwa juma, macho yakimruhusu. Programu bado imo katika kipakatalishi cha mwanafunzi. Sasa hubisha kwenye kurasa za orodha ile tu, Ijumaa usiku, kwa tiketi moja.